Kisu Kipya cha Kikundi: Namna ya Kuondoa Vanishi ya Kiwandani



Vikundi vingi tunavyovitembelea vimenunua vyombo vya pamoja: sufuria kubwa, viti, hema, sahani, na visu vya kupikia kwenye arusi, matanga na harambee. Sufuria na viti huzungumziwa karibu kila mkutano. Visu havizungumziwi mpaka siku ya kazi ifike, ndipo ionekane vimeshika kutu, au havikati, au vinaacha maganda ya vanishi ndani ya nyama ya wageni. Basi leo tujifunze kuhusu kisu. Ni kitu kidogo, lakini pesa zilizokinunua ni za watu wengi.

LENGO LA SOMO. Mwisho wa somo hili kila mwanakikundi aweze:

(a) kutambua kama kisu kimepakwa vanishi au rangi kiwandani;
(b) kuiondoa bila kuharibu kisu na bila kujiumiza;
(c) kukitunza kisu baada ya hapo, na kusaidia kikundi kupanga nani atakitunza.

MUDA: Saa moja na nusu, pamoja na kazi ya mikono.

VIFAA: Kisu kimoja kipya, mkebe mrefu wa bati, maji, magadi, vitambaa viwili vikavu, kipande cha ndimu, mafuta kidogo ya kupikia, na waya ya kusugulia sufuria.

SEHEMU YA KWANZA: IGIZO

Watu wanne wajitolee kuigiza. Wasisome tu, waseme kwa sauti yao ya kawaida.

(Mweka hazina anafungua gazeti. Ndani mna visu sita vipya vya nyama.)

MWEKA HAZINA: Haya, visu ndivyo hivi. Sita. Risiti iko hapa, mwenyekiti aiweke kwa faili.

MPISHI: Mbona vinang'aa hivi kama vimepakwa mafuta? Nasugua na kidole haitoki.

KIJANA: Hiyo ni vanishi, mama. Hata panga huwa nayo. Weka kwa moto, dakika mbili imeisha.

MPISHI: Kwa moto? Si kisu kitaharibika?

KIJANA: Chuma kiharibike na moto? Si chuma kilitoka kwa moto?

MWENYEKITI: Wacheni maneno mengi, kesho tuna arusi. Kijana, washa jiko.

(Kijana anaweka visu juu ya makaa. Moshi mweusi unatoka. Watoto wamesimama karibu wakitazama. Visu vinatolewa vikiwa na rangi ya buluu.)

MPISHI (siku ya pili, amechoka): Hiki kisu nimekinoa mara tatu tangu asubuhi. Nikikata nyama kidogo, makali yamelala. Na vyote sita ni hivyo hivyo.

MWEKA HAZINA: Na pesa za wanachama?

(Wote wananyamaza.)

Maswali ya kuzungumza:

1. Mmeona nini katika igizo hili?
2. Kijana aliuliza swali gani ambalo hakuna aliyemjibu? Ninyi mngemjibu vipi?
3. Je, jambo kama hili limewahi kutokea kwetu, kwa kisu au kwa chombo kingine?
4. Uamuzi ulifanywa na nani, na kwa nini haraka hivyo?

Kiongozi wa somo asikimbilie kutoa majibu. Kwanza watu wazungumze wawili wawili, kisha mbele ya wote.

SEHEMU YA PILI: KWA NINI KIWANDA HUPAKA VANISHI?

Visu vinavyouzwa madukani ni vya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu upesi. Chuma hicho kimechanganywa na madini ya kromi, angalau asilimia 10.5. Aina ya pili ni chuma cha kaboni. Hiki ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo tu. Katika visu na mapanga mara nyingi ni kati ya nusu asilimia na asilimia moja hivi. Kaboni ndiyo kitu kile kile kilichojaa kwenye makaa. Kidogo hicho ndicho kinachokifanya chuma kiweze kuwa kigumu na kushika makali.

Wapishi na wachinjaji wengi hupenda kisu cha chuma cha kaboni kwa sababu kinanoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida. Ubaya wake ni mmoja: kinashika kutu. Kikiachwa na maji usiku mmoja, asubuhi kina madoa mekundu.

Mwenye kiwanda anajua hivyo. Kisu chake kitakaa ghalani, kisafiri kwa meli na kwa lori, kishikwe na mikono yenye jasho dukani, miezi mingi kabla hakijanunuliwa. Ndiyo maana anakipaka kitu cha kukizuia kutu. Kwa hivyo tukumbuke: vanishi ile iliwekwa kwa ajili ya safari na duka. Haikuwekwa kwa ajili ya jikoni. Kisu kikianza kukata nyama na vitunguu, na kikipitishwa kwenye jiwe la kunolea, vanishi inabanduka maganda maganda. Maganda hayo huingia katika chakula, na vanishi haikutengenezwa ili iliwe. Tena inayobaki kwenye bapa huficha unyevu chini yake, na kutu huanzia hapo bila kuonekana.

Sasa tumjibu yule kijana

Kijana alisema chuma kilitoka kwa moto, na hakusema uongo. Lakini kuna moto na moto. Mliowahi kumtazama mhunzi akifanya kazi mtakumbuka: anapasha chuma mpaka kiwe chekundu, kisha anakitumbukiza kwa ghafula ndani ya maji au mafuta. Hapo chuma kinakuwa kigumu sana, lakini pia kinaweza kuvunjika kama glasi. Kwa hiyo anakipasha tena mara ya pili, kwa moto mdogo uliopimwa, ili kipunguze ukali huo na kiweze kuvumilia kazi. Kiwandani hufanya vivyo hivyo, ila kwa tanuri na vipimo.

Huo moto wa pili ndio siri ya kisu. Chuma safi kikipashwa hubadilika rangi kadiri joto linavyopanda. Kwenye nyuzi 220 hivi huwa cha manjano hafifu kama nyasi kavu. Kikipanda zaidi huwa cha kahawia, kisha cha zambarau, na kufika nyuzi 300 hivi huwa cha buluu. Kisu cha jikoni kilichofika buluu kimepoteza sehemu kubwa ya ugumu wake. Makaa mekundu ya jiko hupita nyuzi 600. Kwa hivyo kijana hakuunguza vanishi peke yake, aliunguza na kazi yote ya kiwanda. Kisu kama hicho unaweza kukinoa kila saa, lakini makali hayatakaa. Kukirudisha ni kazi ya mhunzi anayejua, nayo ni kuanza upya.

Tena ule moshi. Rangi na vanishi zikiungua hutoa moshi wenye sumu, na rangi nyingine, hasa za zamani, zina madini ya risasi. Risasi huwadhuru zaidi watoto wadogo, nao ndio waliokuwa wamesimama pale wakitazama.

Maji yanayochemka, kwa upande mwingine, hayapiti nyuzi 100. Hata uyachemshe mchana kutwa, hayawezi kufika joto la kulainisha kisu. Hii ndiyo sababu tunatumia maji na siyo moto wenyewe.

SEHEMU YA TATU: TAMBUA KWANZA ULICHO NACHO

Kabla ya kuondoa chochote, chunguza. Mambo manne yanaweza kuwa juu ya kisu kipya.

Mafuta au grisi. Yanateleza kwa kidole na yanatoka kwa kitambaa. Haya hayana shida: maji moto na sabuni yanatosha.

Vanishi isiyo na rangi. Inang'aa kama kucha iliyopakwa. Ukikwaruza kwa ukucha au kijiti pembeni unaona ngozi nyembamba ikitoka. Hii ndiyo tunayoishughulikia leo.

Rangi nyeusi, nyekundu au ya kijani. Huonekana sana kwenye mapanga, majembe na mashoka. Ni nene kuliko vanishi.

Weusi wa moto. Huu si rangi. Ni ngozi ya chuma chenyewe iliyotokana na joto wakati wa kukitengeneza. Hautoki kwa ukucha wala kwa sabuni, na hauna madhara. Uache.

Vijana wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, hutengeneza visu na mapanga kwa vyuma vikuukuu, zikiwemo springi za magari. Vingi vya hivyo havina vanishi. Vina masizi na mafuta tu, navyo huoshwa kwa sabuni. Vikiwa vimepakwa rangi ili vipendeze, vichukulie kama vingine vyenye rangi.

Jaribio la ndimu. Tia tone la maji ya ndimu juu ya bapa, ngoja dakika 10, kisha futa. Likiacha doa la kijivu, hapo pana chuma cha kaboni kilicho wazi. Lisipoacha doa, basi ama pana vanishi, ama kisu ni cha stenlesi. Kwaruza mahali padogo karibu na mpini, ujaribu tena hapo. Sumaku haitakusaidia, kwa maana visu vingi vya stenlesi pia hushikwa na sumaku.

Je, kila mpako uondolewe? Hapana. Panga la kufyeka na jembe la kulimia liache na rangi yake. Noa makali tu, rangi iliyobaki itaendelea kuzuia kutu mpaka udongo uimalize wenyewe. Lakini panga likishaamuliwa kuwa la kukata nyama au kugawanya miwa ya kuuza, basi liondolewe rangi kwanza, na lisirudi shambani tena. Visu vya rangi rangi vyenye mpako laini usioshika chakula navyo viache. Mpako ukianza kubanduka, usikitumie tena kwa chakula.

SEHEMU YA NNE: KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Tunatumia magadi. Ni yale yale tunayotia kwenye mahindi na maharagwe yaive upesi, yanayotoka Ziwa Magadi kule Kajiado. Magadi hulainisha mafuta na vanishi nyingi, wala hayali chuma. Penye shida ya magadi, maji ya majivu yaliyochujwa, kama yale ambayo ndugu zetu wa magharibi hupikia mboga za kienyeji, yanafanya kazi ya namna hiyo ingawa polepole zaidi.

Onyo: usitumie sufuria ya alumini. Magadi ya moto hula alumini, sufuria inakuwa nyeusi na kuta zake zinapungua. Tumia mkebe wa bati, kama ule wa mafuta ya kupikia wa kilo kadhaa, au chungu kikuukuu. Chombo hicho kisirudi kupikia chakula.

1. Funga makali. Kisu kipya kinaweza kuwa kikali. Kunja kitambaa juu ya makali unapokibeba. Watoto wakae mbali na jiko.

2. Osha kwa sabuni na maji moto ili kuondoa grisi. Ukiruka hatua hii magadi yatahangaika na grisi badala ya vanishi.

3. Tengeneza maji ya magadi. Kwa kila lita moja ya maji tia vijiko viwili vikubwa vya magadi yaliyosagwa. Koroga mpaka yayeyuke, kisha weka motoni.

4. Ning'iniza kisu. Funga kamba kwenye mpini, kamba ifungwe kwenye kijiti kilicholala juu ya mdomo wa mkebe. Bapa lizame, mpini ubaki nje. Mpini wa mti ukichemshwa hufura halafu hupasuka ukikauka. Wa plastiki hulainika. Ndiyo maana tunataka mkebe mrefu.

5. Acha ichemke polepole dakika 15 hadi 20. Usisimame na uso juu ya mkebe, mvuke wake unachoma macho. Utaona vanishi inakuwa nyeupe kama maziwa, au inajikunja kama ngozi ya nyanya iliyotiwa maji moto.

6. Toa kisu na usugue kingali na joto. Kilaze juu ya ubao. Sugua kwa waya ya sufuria, kutoka mgongo wa kisu kuelekea makali, mkono ukiwa nyuma. Usisugue kwa kufuata urefu wa makali, hapo ndipo vidole vinapokatwa. Sehemu iliyo karibu na mpini, ambayo haikuzama, ifunge kwa kitambaa kilicholowa maji hayo ya moto kwa dakika 10, halafu usugue.

7. Rudia ikiwa bado. Vanishi nyingine hutoka mara ya kwanza, nyingine mara ya tatu. Usikasirike ukakimbilia tupa.

8. Pima kwa maji. Suuza kwa maji safi, kisha mwaga maji juu ya bapa. Yakitandaa sawasawa kama shuka, kisu ni safi. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la nduma, vanishi au mafuta bado yapo.

9. Kausha papo hapo. Usikiache kikaushwe na upepo. Chuma kilichovuliwa vanishi kinaweza kuanza kutu kabla hujamaliza kunywa chai. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu kishike karibu na jiko, si juu ya moto, mpaka bapa liwe na joto la kuvumilika mkononi.

10. Paka mafuta. Tone moja au mawili ya mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, paka pande zote, kisha futa tena mpaka ionekane kama hukupaka kitu. Mafuta mengi hunata na kuokota vumbi.

Maji yaliyobaki yakipoa yamwagwe chooni kwenye shimo. Yasimwagwe kwenye bustani ya sukuma wiki, kwa maana magadi mengi huharibu udongo.

SEHEMU YA TANO: VANISHI IKIKATAA, NA RANGI NENE

Ziko vanishi ambazo magadi hayaziwezi. Hapo tumia thina inayouzwa na wauza rangi, au ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha yenye asetoni. Lowesha kitambaa, kifunge kwenye bapa dakika chache, kisha futa. Kisha osha kisu kwa sabuni mara mbili kabla hakijagusa chakula.

Thina hushika moto upesi sana. Hata mvuke wake, usiouona, unaweza kutambaa mpaka kwenye jiko au taa na kuwaka. Kwa hiyo:

- fanya kazi nje, mchana, mbali na jiko, taa na sigara;
- usipashe thina kamwe, wala usiitie ndani ya mkebe ulio motoni;
- usitumie petroli badala ya thina;
- vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke, ndipo vitupwe;
- usimwage thina mtoni, kisimani wala chooni.

Rangi nene isiyotoka kwa thina isuguliwe kwa msasa uliolowa maji. Msasa mkavu hutoa vumbi la rangi ambalo mtu hulivuta ndani ya kifua. Maji hulishika vumbi hilo lisipae. Uchafu ukusanywe kwenye gazeti na kutupwa shimoni, wala kazi hiyo isifanyiwe pale watoto wanapocheza.

Vikundi vinavyotengeneza sabuni vina kostiki soda. Tunajua baadhi yenu mtafikiri, "Si hiyo ina nguvu kuliko magadi?" Ndiyo, ina nguvu. Hiyo ndiyo sababu hatutaki itumike hapa. Tone moja machoni linaweza kupofusha, na ngozi inaungua kabla hujafika kwenye maji. Kwa kisu cha kukatia vitunguu, hatari hiyo haifai.

Mtu akikatwa: oshe kidonda kwa maji mengi safi na sabuni, akibane kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, na aende zahanati kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda. Watu husema pepopunda huletwa na kutu. Kutu yenyewe hailetei mtu pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na kisu kichafu, kiwe na kutu au kinang'aa, kinaweza kuvibeba.

SEHEMU YA SITA: UKIMVUA, UMVIKE

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Vanishi imetoka, kisu kinapendeza, watu wanapiga makofi. Baada ya wiki mbili kisu ni chekundu, na mtu anasema, "Afadhali tungeiacha vanishi." Kumbe vanishi ilikuwa ndiyo nguo ya kisu. Ukimvua mtu nguo yake, umvike nyingine. Nguo mpya ya kisu ni kukaushwa na kupakwa mafuta kila baada ya kazi. Kiwanda kilivaa mzigo huo mpaka dukani. Kuanzia sasa mzigo ni wetu.

Msiogope rangi ya kijivu. Kisu cha kaboni kikikata nyama, vitunguu na maembe hugeuka kijivu, mara nyingine na mawingu ya buluu. Buluu hii si ile ya moto. Ni ngozi nyembamba inayotokana na chakula, na inasaidia kidogo kuzuia kutu. Msiisugue mpaka iishe. Kutu ni ile nyekundu au ya kahawia inayochafua kidole. Hiyo iondoeni mara moja kwa majivu laini yaliyochekechwa na kitambaa kilicholowa kidogo, halafu osheni, kausheni, pakeni mafuta.

Baada ya kukata ndimu, nyanya au nanasi, kisu kioshwe hapo hapo. Kisilale ndani ya karai la vyombo. Kisihifadhiwe kwenye gunia, wala juu ya sakafu ya udongo, wala ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, kwa sababu vyote hivyo hushika unyevu. Kining'inizwe, au kifungwe kwa karatasi kavu. Ninyi wa pwani mnajua hewa ya chumvi ilivyo, kwenu mafuta yaangaliwe kila wiki hata kama kisu hakijatumika.

Na oili chafu ya gari? Kwa kisu cha chakula, hapana kabisa. Ina sumu na vumbi la madini kutoka ndani ya injini. Wala kwa panga la shambani hatuipendekezi, kwa kuwa inaishia mikononi mwa anayelishika.

SEHEMU YA SABA: KISU CHA WOTE KINATUNZWA NA NANI?

Tumeona jambo hili mara nyingi. Kisu cha nyumbani kwa mama hakina kutu, lakini kisu cha kikundi, kilichonunuliwa siku hiyo hiyo na kwenye duka hilo hilo, kimeoza. Tofauti haiko kwenye chuma. Kisu cha nyumbani kina mtu anayeulizwa. Kisu cha kikundi kinarudishwa usiku baada ya matanga, watu wamechoka, kila mmoja akidhani mwingine atakiosha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunapendekeza mambo manne:

1. Achaguliwe mtunza vyombo mmoja na msaidizi wake, kwa muda maalum, si milele.
2. Kila kisu kipewe namba, ichongwe kwenye mpini.
3. Daftari lionyeshe kisu gani kimetoka, kwa nani, siku gani, na kilirudi katika hali gani: kikavu, na mafuta, bila kutu.
4. Anayekodi vyombo ajue kabla kwamba kisu kinarudishwa kimeoshwa na kukaushwa. Kama hawezi, alipe kidogo zaidi na mtunza vyombo afanye kazi hiyo.

Tuchukue mfano. Kikundi kina wanachama 20, na kila mmoja hutoa shilingi 50 kwa wiki. Visu sita kwa shilingi 250 kila kimoja ni shilingi 1,500. Mchango wa wiki moja wa kikundi kizima ni shilingi 1,000. Kwa hiyo visu sita vikiharibika, wanachama wote wamefanya kazi wiki moja na nusu bure. Magadi, kuni na mafuta ya kuvihifadhi hayafiki sehemu ndogo ya pesa hizo. Wekeni bei za kwenu, mpige hesabu yenu wenyewe ubaoni.

MASWALI YA MJADALA

1. Katika igizo, mpishi aliuliza swali la maana lakini hakusikilizwa. Katika kikundi chetu, ni nani wanaojua kazi lakini hawasikilizwi?
2. Je, vyombo vyetu vyote vimeandikwa? Ni nani mara ya mwisho aliyevikagua?
3. Kisu kikiharibika mikononi mwa mwanachama, tutafanya nini? Je, yule kijana wa igizo alipe peke yake, au uamuzi ulikuwa wa wengi?
4. Ni kitu gani kingine cha kikundi ambacho "kimevuliwa nguo" na hakuna aliyekivika nyingine?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wanachama watatu, mmoja wao akiwa kijana, wachukue kisu kimoja kipya na wafuate hatua zote kumi. Wasichukue vyote kwa mara moja. Kisu hicho kikishamaliza wiki mbili za kazi, kiletwe mkutanoni pamoja na kingine cha kikundi ambacho hakikutunzwa, wanachama wavipitishe mkono kwa mkono na kulinganisha. Kisha kikundi kiamue kuhusu vilivyobaki, kimchague mtunza vyombo, na yote yaliyokubaliwa yaandikwe na katibu katika kitabu cha kumbukumbu siku hiyo hiyo.